Bunduki ya upepo, baiskeli na fundi wa Mkuyuni

Poleni kwa ukimya. Majaribio ya wiki mbili hapa Malimbe yamenifanya nihamie maktaba, na boom lenyewe ndo hivyo tena, mnajua wenyewe. Lakini leo nina mzigo wa kushusha. Kwenye semina ya historia tulikuwa tunajadili teknolojia Afrika. Jamaa mmoja akasimama, akasema kwa kujiamini kabisa kwamba kwenye habari ya bunduki Mwafrika alikuwa mteja tu: kaletewa, kauziwa, kapigwa nayo, basi. Watu wakacheka, mada ikaendelea. Mi sikucheka. Nimekulia Mkuyuni, na niliyoyaona Mkuyuni hayaendani na maneno yale.

Hoja yangu naiweka mezani mapema, ili anayetaka kupinga aanze kunoa kalamu. Bunduki ya bei rahisi haijawahi kutoka kiwandani ikiwa imekamilika. Kiwanda huanza, fundi humalizia. Ilikuwa hivyo kwa gobore la mwaka 1880, na ni hivyo kwa bunduki ya upepo ya Kichina. Huyo anayemalizia ndiye asiyeandikwa kwenye vitabu.

Kwa msioijua Mkuyuni: ni kata ya wilaya ya Nyamagana, kwenye barabara ya kutoka Mwanza mjini kwenda Nyegezi. Upande mmoja ziwa, upande mwingine vilima vya mawe na nyumba zimepanda humo hadi unajiuliza tofali lilifikaje kule juu. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na mzee mmoja, fundi baiskeli. Boksi la spana, ndoo ya maji ya kutafutia pancha, na benchi lisilokosa wapiga soga. Jirani yetu alikuwa na bunduki ya upepo, kuukuu, ya kufukuzia kweleakwelea kwenye kishamba chake cha mpunga upande wa Misungwi. Ilipoishiwa nguvu hakuipeleka kwingine. Aliipeleka kwa fundi baiskeli.

Sasa kwa nini fundi baiskeli? Hebu tuangalie bunduki ya upepo inavyofanya kazi. Ile ya kawaida haina gesi wala baruti. Ukiukunja mtutu, unaikandamiza springi nene iliyo nyuma ya pistoni. Ukivuta triga, springi inaachiwa, pistoni inakwenda mbele kwa kishindo na kuubana upewa uliomo kwenye silinda, na hewa ile ikikosa pa kwenda inaisukuma mbele ile risasi. Ndo yote hayo. Ukiiangalia vizuri ni pampu ya baiskeli yenye hasira. Na kama pampu ya baiskeli, roho yake iko kwenye washa. Washa ikikauka au ikichanika, hewa inapita pembeni, na bunduki inabaki kukohoa tu.

Mzee yule aliifungua, akaitoa washa ya ngozi iliyokufa, akakata nyingine kwenye ngozi ya kiatu cha zamani. Akailoweka kwenye mafuta usiku kucha, kesho yake akaikandamiza kwenye silinda ili ichukue umbo. Pale mtutu unapokutana na silinda akaweka kipete cha mpira alichokata mwenyewe kwenye tyubu. Triga iliyokuwa nzito kama mlango wa jela akaisugua kwa jiwe la kunolea mpaka ikalainika. Halafu akafanya kitu ambacho wakati ule sikukielewa: akaikata springi pingili moja, yaani akaipunguza. Jirani akalalamika kwamba bunduki itakosa nguvu. Mzee akamjibu kwa Kiswahili chake cha Kisukuma kwamba springi ikizidi washa, inaiua washa. Ilipojaribiwa kwenye kopo la maziwa, ilipiga pale pale ilipoelekezwa, mara tatu mfululizo.

Baadaye nikaja kugundua kwamba alichofanya mzee yule ni burudani ya watu wengi Uingereza na Marekani. Kuna bunduki za upepo za bei ya chini zinazotoka China, zile zinazoitwa B2 na B3, nyingine zikitoka kiwanda cha Shanghai chenye chapa ya Industry. Sifa yake ni moja: chuma kizuri, umaliziaji mbovu. Ukiifungua unakuta vumbi la chuma ndani ya silinda, kingo kali zinazochana washa, triga inayokwaruza. Kwa hiyo watu wananunua makusudi, wanakwenda nayo kwenye banda la nyuma ya nyumba, na wikiendi nzima wanapiga msasa, wanabadilisha washa, wanachonga kitako kipya. Wengi hawatafuti hata nguvu, kwa sababu sheria zao zinaziba juu. Uingereza tangu 1969 bunduki ya upepo inayozidi jouli 16 hivi inahesabiwa kama silaha ya moto na inadai cheti. Ujerumani kikomo cha kumiliki bila kibali ni jouli 7.5. Wanachotafuta ni ulaini na shabaha. Springi ya mzee wa Mkuyuni ingewafurahisha sana.

Sasa turudi nyuma kidogo. Lugha yetu yenyewe imeweka kumbukumbu ya jambo hili. Wazee wa pwani walizipa bunduki majina kwa namna zinavyowaka. Kulikuwa na bunduki ya mrao, inayowashwa kwa utambi. Ikaja ya gumegume, inayopiga cheche kwa jiwe. Ikaja ya fataki. Na hii ya kwetu ni ya upepo. Mteja tu angeipa bunduki jina la mwenye duka. Anayeipa jina kwa namna inavyowaka ni mtu aliyeifungua akaangalia ndani.

Huku kwenye ziwa bunduki zilifika kwa njia ya misafara ya pwani. Buganda zilianza kuonekana katikati ya miaka ya 1840, wafanyabiashara Waarabu walipofika kwa Kabaka Suna. Speke, yule aliyeliona ziwa hapa Mwanza mwaka 1858, alirudi na kufika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862 akiwa na bunduki za zawadi. Ameandika mwenyewe kwamba Kabaka alimpa kijana wa ikulu bunduki iliyoshindiliwa, akamtuma akaijaribu kwa kumpiga mtu uani. Kijana akaenda, akarudi akifurahi. Stori hiyo inasimuliwa sana, na ni ya kutisha kweli. Lakini inayonivutia mimi ni ile isiyosimuliwa: baada ya siku kadhaa, bunduki zile zilipoharibika, nani alizitengeneza?

Jibu moja tunalo. Mwaka 1878 alifika Buganda Alexander Mackay, Mskoti wa misheni ya CMS, mhandisi kwa taaluma. Alikuja kuhubiri. Mutesa alimtaka kwa mikono yake. Karakana ya Mackay pale Natete ilikuwa na mashine na tanuri, na ikulu haikuacha kumletea vyuma, zikiwemo bunduki mbovu. Mackay alilalamika sana kwamba Kabaka anataka bunduki kuliko Injili. Mi namwelewa Mutesa. Alikuwa na ghala la silaha ambazo nusu ya thamani yake ilikuwa kichwani mwa fundi.

Na msidhani hiyo ilikuwa habari ya Buganda tu. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga alipopinduliwa alikimbilia huku kwetu, kusini mwa ziwa. Alifikia Magu, baadaye akahifadhiwa na Mapadri Weupe pale Bukumbi. Ndiyo, Bukumbi hii hii ya barabara ya Usagara, safari fupi tu kutoka Mkuyuni. Mwaka 1889 aliyemrudisha kwa mashua kwenda kukitafuta kiti chake alikuwa Charles Stokes, Mwairishi aliyeacha kazi ya misheni akawa mfanyabiashara wa pembe na bunduki, mwenye mke Mnyamwezi. Stokes aliziuza silaha ziwani hadi zikamponza: Januari 1895 alinyongwa Kongo na afisa wa Mfalme Leopold, kwa kosa la kuwauzia maadui. Kwa hiyo pwani yetu hii ya ziwa ilikuwa mlango wa bunduki. Dagaa na sato tumekuja kuvifahamu kwa biashara baadaye.

Zilikuwa bunduki gani hizo? Hapa ndo kuna kisa chenyewe. Kuanzia miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yalianza kuzitupa bunduki za kushindilia kwa mbele na kuchukua zinazopakiwa risasi kwa nyuma. Mamilioni ya bunduki za zamani yakawa hayana kazi. Zikauzwa kwa bei ya kutupa, nyingine zikatengenezwa mpya kwa makusudi ya biashara ya Afrika katika miji kama Birmingham na Liège, kwa chuma cha daraja la chini. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia bara kila mwaka kupitia pwani hii. Hebu fikiria mzigo huo, tena karibu wote mitumba.

Halafu ikaja Brussels. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa 17, pamoja na Zanzibar, yalitia saini Mkataba wa Brussels, ambao kichwani ulikuwa wa kukomesha biashara ya utumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha. Eneo lote la Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini lilipigwa marufuku kuingiziwa bunduki za kisasa, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Mwanza iko kwenye nyuzi 2 na nusu kusini, kwa hiyo tumo katikati ya duara. Kilichoachiwa mlango kidogo ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida ya biashara.

Umeona ilivyokaa hiyo? Nia ya kuzuia misafara ya watumwa isipate silaha ilikuwa njema. Lakini mkataba huo huo haukumzuia Mjerumani kuleta bunduki zake za kisasa Mwanza katika miaka hiyo hiyo ya 1890. Uduni wa gobore la babu zetu haukutokana na uvivu wa akili. Uliandikwa kwenye karatasi, ukatiwa saini na mihuri. Tawala zote mbili, ya Mjerumani na ya Mwingereza aliyeiteka Mwanza Julai 1916, zilimwachia Mwafrika mwenye kibali gobore, na kumfungia zile nyingine.

Basi ukishafungiwa kwenye kitu duni, unafanyaje? Unakitengeneza mpaka kikutii. Huku kulikuwa na watu wa chuma tangu zamani. Warongo wa Uzinza, hapo ng'ambo upande wa Geita, walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali. Mkono unaojua jembe hauogopi bunduki. Kitako kikivunjika, mti upo. Gumegume likichoka, bunduki hugeuzwa ipokee fataki, jambo ambalo majeshi ya Ulaya yenyewe yalilifanya miaka ya 1840 kubana matumizi. Kule walipofanya iliitwa maendeleo ya kijeshi. Huku iliitwa kuchokonoa.

Na bunduki ya upepo nayo imepita njia inayofanana kidogo. Wengi tunaiona kama toi, kumbe ilianza kama silaha ya vita. Mwaka 1780 hivi jeshi la Austria lilichukua bunduki ya upepo iliyobuniwa na fundi wa Tirol aitwaye Girandoni. Ilikuwa na kasha la risasi 20 wakati askari wengine wanashindilia moja moja. Haitoi moshi, haiogopi mvua. Sasa ilishindwa na nini? Na ufundi. Kulijaza tangi lake la hewa kulidai kupampu mara 1,500 hivi, na washa za ngozi zilidai mtu anayezijua. Kufikia 1815 ilikuwa imeondolewa. Jeshi linapenda silaha ambayo hata mjinga anaiweza, na hii ilitaka fundi pembeni muda wote.

Ikarudi kama kitu cha nyumbani. Marekani, mji wa Plymouth, Michigan, kampuni iliyokuwa ikitengeneza vinu vya upepo vya wakulima ilianza mwaka 1888 kutoa bunduki ndogo ya upepo kama kishawishi cha kununua kinu. Bunduki ikapendwa kuliko kinu, na kampuni ikaja kuitwa Daisy. Uingereza, BSA ya Birmingham ilianza kutengeneza za kwake mwaka 1905.

Hapo kwenye BSA nilisimama kidogo. Wazee wa Usukuma wanaijua BSA kama baiskeli. Miaka ya 1950 pamba ilipolipa, hasa baada ya chama kikuu cha ushirika, VFCU, kuundwa mwaka 1955 na akina Paul Bomani, mkulima aliyeuza vizuri alinunua mabati na baiskeli. BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, kampuni iliyoanzishwa na watengeneza bunduki mwaka 1861, na alama yake ni bunduki 3 zilizoegemezwa pamoja. Yaani babu zetu walikwenda gulioni wakiwa wamekalia chapa ya bunduki! Baadaye ikaja Phoenix ya Mchina, kutoka Shanghai, mji ule ule wa bunduki za upepo za chapa ya Industry. Kwa hiyo jirani yetu hakukosea njia. Baiskeli na bunduki ya upepo ni ndugu wa kiwanda kimoja, na spana zake zinafanana.

Lakini ndugu hawa wawili tumewapokea tofauti. Anayeunganisha fremu ya baiskeli tunamwita fundi. Anayetengeneza bunduki tunamwita nani? Hapa sitaki mtu anielewe vibaya. Silaha si baiskeli. Karamoja, Uganda, miaka ya 1970 vijana walitengeneza bunduki kwa mabomba ya chuma, yakiwemo ya samani, ili kujilinda na wezi wa mifugo wenye silaha bora. Mwaka 1979 Amin alipoanguka na ghala la kambi ya Moroto likavunjwa, zile za mabomba zikatupwa na bunduki za kivita zikashika nafasi. Damu iliyomwagika baada ya hapo si ya kuchezea maneno. Nchi yetu ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya silaha ndogo mwaka 2004, na tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Naziunga mkono. Hata ya upepo inatoboa jicho. Anayeitaka aanzie polisi kuulizia kibali, asianzie kwa fundi, na ndege wa Saanane aachane nao kabisa.

Ninachokikataa ni kuifuta akili pamoja na silaha. Tangu Abhinav Bindra alipochukua dhahabu ya bunduki ya upepo ya mita 10 Beijing 2008, dhahabu ya kwanza ya Mhindi mmoja mmoja katika Olimpiki, India watoto wengi wameingia kwenye mchezo huo, ulioanza Olimpiki ya Los Angeles 1984. Bunduki hizo za mashindano zinahitaji mikono inayosikia sehemu ya milimita. Mikono hiyo tulikuwa nayo kwenye benchi la pancha Mkuyuni.

Mzee yule alishafariki. Hakuacha mwanafunzi. Vijana pale sasa wanatengeneza pikipiki, na ni mafundi wazuri, sibishi. Lakini nilipomuuliza mmoja wao washa ya ngozi inalowekwa kwenye mafuta gani, akaniangalia kama nimemuuliza Kilatini. Ujuzi ule ulikaa kwenye vidole, na vidole vikizikwa hakuna maktaba ya kwenda kuazima.

Kwa hiyo wadau, likizo inakuja, wengi mnakwenda nyumbani: Sengerema, Ukerewe, Kahama, Tabora. Kila mtu ana babu au jirani aliyewahi kushika gobore au bunduki ya upepo. Usimuulize aliua nini. Muulize ilipoharibika alifanyaje, na jina la aliyeitengeneza. Andika jina hilo na kile alichobadilisha, hata kama ni springi pingili moja. Fundi wangu mimi ninamkumbuka kwa springi hiyo.